Maumivu ya Nyonga Yasiyokwisha: Jua Chanzo Kabla ya Dawa



Naomba kila mtu aweke kiganja chake pale anapoamini nyonga yake ipo. Msitazamane, kila mtu kwa anavyojua.

Nashukuru. Mikono mingi naiona ubavuni, chini kidogo ya mkanda. Mingine iko nyuma, juu ya matako. Wachache wameshika mbele, kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo. Hao wachache ndio waliokikaribia kiungo chenyewe. Nyonga imezama ndani sana, na imefunikwa na misuli minene. Huwezi kuigusa kwa kidole, na ikijaa maji huoni uvimbe kama unavyouona kwenye goti au kifundo cha mguu. Kwa sababu hiyo ugonjwa wake huchelewa kujulikana, na katika kuchelewa huko watu wetu wanapoteza kiungo ambacho kingeweza kuokolewa.

Kauli yangu ya leo ni moja. Maumivu ya nyonga yasiyokwisha ni dalili tu; ugonjwa wenyewe uko nyuma yake, na magonjwa hayo ni mengi, na tiba ya mmoja inaweza kuwa madhara kwa mwingine. Mtu anayemeza vidonge vya maumivu mwezi baada ya mwezi bila kujua anaumwa nini bado hajaanza matibabu, hata kama ametumia fedha nyingi. Kwa hiyo tutazungumza kwanza juu ya kiungo, kisha mahali maumivu yanapojitokeza, kisha vyanzo vyake, na mwisho tiba.

Kiungo na mzigo wake

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya shimo la mfupa wa fupanyonga, kama mpira ndani ya bakuli. Kichwa na shimo lake vimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe linaloteleza, na katikati kuna ute kidogo unaolainisha. Kwa umbo hilo mguu unaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni, na kuzunguka. Ndio uhuru unaotuwezesha kuchuchumaa, kupanda daladala, kukaa kitako kwenye mkeka na kukaa tahiyatu katika sala.

Uhuru huo una gharama. Mjini Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliweka vipimo ndani ya nyonga bandia za wagonjwa waliokubali, wakasoma uzito unaopita kwenye kiungo mtu anapotembea. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2001, kutembea kwa mwendo wa kawaida kulikibebesha kiungo mzigo unaokaribia mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Maana yake, mtu wa kilo 80 akitembea kwenda sokoni, kila hatua nyonga yake inabeba karibu kilo 190. Kisa cha mzigo huo kuwa mkubwa hivyo ni misuli. Ukisimama kwa mguu mmoja, mwili wote unataka kuangukia upande wa pili, na misuli ya pembeni ya nyonga ndiyo inayouvuta usianguke. Kiungo kinabeba mwili, na juu yake kinabeba nguvu ya mvuto huo.

Daktari wa Ujerumani Friedrich Trendelenburg alieleza jambo hili mwaka 1895, mwaka uleule ambao eksirei iligunduliwa. Kipimo chake bado tunakitumia, nacho hakihitaji chombo chochote. Mgonjwa anasimama kwa mguu unaouma na kuinua mwingine. Misuli ikiwa na nguvu, fupanyonga linabaki sawa. Ikiwa dhaifu, upande wa mguu ulioinuliwa unashuka, au mtu anaupinda mwili wote kuelekea upande unaouma ili asianguke. Mwendo ule wa kuyumba tunaouona barabarani na kusema "mzee amechoka" una maelezo haya: misuli imeshindwa kazi, au kiungo kinaikataza isifanye kazi kwa sababu ya maumivu.

Maumivu yako wapi?

Swali la kwanza ninalomuuliza mgonjwa ni hili: nionyeshe kwa kidole kimoja.

Akionyesha kinena, au akiushika ubavu wa nyonga kwa kidole gumba na kidole cha shahada vilivyotanuka, nafikiria kiungo chenyewe. Mtu huyu hupata taabu kuvaa soksi na viatu, kukata kucha za miguu, kupanda bodaboda kwa kuurusha mguu. Mama atasema hawezi tena kukalia mbuzi kukuna nazi, kwa sababu kile kikao cha chini kinaikunja nyonga mpaka mwisho. Muumini atasema rukuu anaiweza, kukaa chini hakumwezekani.

Akionyesha pembeni, kwenye ule mfupa uliojitokeza chini ya mkanda, nafikiria kano za misuli ya matako zinazojishikiza pale. Huyu hawezi kulalia upande ule usiku, na ngazi zinamtesa, lakini viatu anavaa bila shida. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake kuanzia miaka ya arobaini.

Akionyesha nyuma, kwenye tako, na hasa maumivu yakiteremka mguuni na kufika chini ya goti pamoja na ganzi au kuwaka moto, macho yangu yanahamia mgongoni. Mara nyingi neva imebanwa kwenye pingili za kiuno, na nyonga haina kosa.

Kuna la nne, nalo ndilo linalodanganya kuliko yote. Neva zinazohudumia nyonga zinahudumia pia goti. Mama mmoja mchuuzi wa samaki alikuja kwangu na bahasha yenye picha za eksirei za goti la kulia. Alikuwa ametibiwa goti kwa muda mrefu: vidonge, dawa za kupaka, sindano mbili ndani ya goti. Nilimlaza chali kitandani. Goti lilikunjika lote bila sauti wala maumivu. Nikaikunja nyonga yake mpaka paja likasimama wima, nikaupeleka unyayo nje taratibu, jambo ambalo huzungusha paja kuingia ndani. Mguu wa kushoto ulikwenda bila shida. Wa kulia ulikwenda kidogo tu ukagoma, naye akaushika mkono wangu akasema, "Hapohapo, hayo ndiyo maumivu yangu," huku akishika goti. Nyonga ndiyo iliyokuwa imekwisha. Picha zote zile zilipigwa mahali pasipo na ugonjwa, na uchunguzi ambao ungeonyesha ukweli ulichukua chini ya dakika moja.

Basi jueni hili, na waambieni wengine: mtu mwenye maumivu ya goti ambaye goti lake halionekani kuwa na kasoro, aombe nyonga ichunguzwe. Kwa mtoto, jambo hili ni la lazima.

Vyanzo, kuanzia mtoto hadi mzee

Umri wa mgonjwa hutuelekeza mahali pa kutafuta.

Mtoto mwenye homa anayekataa kusimama, au anayelia mguu ukiguswa, anaweza kuwa na usaha ndani ya nyonga. Hii ni dharura ya saa, haisubiri kesho. Usaha unakula gegedu, na ukiachwa kiungo kinaharibika maisha yote. Anahitaji hospitali yenye uwezo wa kupasua, kuosha kiungo na kumpa dawa za kuua bakteria kwa mshipa.

Mtoto wa miaka minne hadi minane anayechechemea kwa wiki kadhaa, hata bila maumivu makali, huenda ana ugonjwa wa Perthes, ambapo damu inapungua kwenye kichwa cha paja na mfupa unalainika. Kijana wa miaka 10 hadi 16, hasa mnene, anayelalamika paja au goti na unyayo wake ukielekea nje, huenda kichwa cha paja kimeteleza kutoka shingoni mwake kwenye sehemu ya mfupa inayokua. Huyo asitembee. Apigwe eksirei ya nyonga zote mbili siku hiyohiyo, kwa sababu kikiteleza zaidi kinaweza kukatiwa damu. Tiba yake ni upasuaji wa kuweka skrubu, na ukifanywa mapema kijana anarudi shuleni akitembea.

Hapa nina neno jema la kuwaambia kina mama na bibi zetu. Kuna kasoro ya kuzaliwa ambapo bakuli la nyonga halikui vizuri na kichwa cha paja kinatoka nje. Inasumbua sana jamii zilizozoea kuwafunga watoto wachanga kwa nguo miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja. Madaktari wa mifupa waliofanya kazi Blantyre, Malawi, walipitia kumbukumbu za watoto waliotibiwa kwao kwa karibu miaka kumi, wakaona kasoro hiyo kwa watoto wachanga ni kama haipo. Maelezo waliyoyatoa ni mbeleko. Mtoto anayebebwa mgongoni, miguu imepanuka na kukumbatia mwili wa mama, kichwa cha paja kinakaa katikati ya bakuli, na bakuli linakua kukizunguka. Mama kijana anayeambiwa mbeleko ni mambo ya kizamani ajue kwamba anaijenga nyonga ya mwanawe.

Sasa nakuja kwa vijana, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ukanda wetu una msiba wake hasa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Uganda, Kongo, magharibi ya Kenya na pwani yetu yote wanaujua ugonjwa huu. Chembe nyekundu za damu zinapojipinda, zinaziba mishipa midogo. Kichwa cha paja kinalishwa na mishipa michache inayopanda kupitia shingo ya mfupa, na haina njia ya pili ya kutosha. Ikizibwa, mfupa unakosa chakula na kufa. Mfupa uliokufa haubomoki siku hiyo. Unaendelea kusimama kwa miezi, wakati mwingine zaidi, kisha mzigo ule tuliouhesabu unaanza kuuponda, na kichwa cha mviringo kinabonyea. Gegedu lililo juu yake linafuata.

Mfikirie kijana wa miaka 20 mwenye selimundu. Maumivu ameyazoea tangu utotoni. Kila mwaka amelazwa, amepewa maji na dawa, yakapita. Safari hii yanakaa kinenani, yanakuja akitembea, na hayapiti. Nyumbani wanasema ni yaleyale. Hospitali nayo inaweza kusema ni yaleyale. Anapigwa eksirei, inatoka safi, kwa sababu hatua ya kwanza ya kufa kwa mfupa haionekani kwenye eksirei. Inaonekana kwenye kipimo cha MRI. Miezi inapita. Eksirei ya pili inaonyesha kichwa kimeshabonyea. Ule muda wa katikati, kati ya picha safi na picha iliyobonyea, ndio muda wa kumwokoa: kumpunguzia mzigo kwa mikongojo, kuimarisha misuli, na kwa baadhi yao kutoboa mfupa ili kupunguza shinikizo la ndani. Mwenye selimundu ambaye kinena kinamuuma kwa wiki kadhaa nje ya vipindi vyake vya kawaida, achukuliwe kuwa ana tatizo la kichwa cha paja mpaka ithibitike vinginevyo.

Selimundu haiko peke yake. Pombe nyingi kwa miaka hufanya vivyo hivyo. Steroidi hufanya vivyo hivyo, na hapa nawasihi sana. Prednisoloni na deksamethasoni ni dawa muhimu zikiandikwa na daktari kwa ugonjwa unaozihitaji. Lakini zinauzwa dukani kama peremende, watu wanazinunua ili wanenepe, na zimewahi kukutwa zimechanganywa kisiri kwenye dawa zinazoitwa za mitishamba. Dawa inayoondoa maumivu yote ya mwili ndani ya siku mbili, huku uso ukijaa na hamu ya chakula ikipanda, iulizwe ina nini. Mtu anaweza kuitumia kutibu nyonga, kumbe anaiua.

Chanzo kingine cha kwetu ni kifua kikuu. Bakteria hawa hawaishii kwenye mapafu. Wakiingia kwenye mifupa, hupenda kwanza uti wa mgongo, kisha nyonga. Huanza polepole: kuchechemea jioni, paja kukonda, maumivu yanayomwamsha mtu usiku, jasho, uzito kupungua. Mgonjwa anaweza asikohoe hata mara moja. Ukimchoma mtu huyu sindano ya steroidi ndani ya nyonga bila kuchunguza, unawapa bakteria nafasi. Akitambuliwa mapema, dawa zake zipo, hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na nyonga inaweza kupona. Matibabu yake huwa marefu kuliko ya mapafu, mara nyingi hufikia mwaka, na kuyaacha njiani ni hatari.

Kwa watu wazima na wazee, kinachoongoza ni kulika kwa gegedu. Kiungo kinakuwa kigumu asubuhi kwa dakika chache, kinalainika mtu akitembea, kisha kinauma jioni. Mitaani tunasema mafuta ya nyonga yameisha, na kwa sababu tumeamini hivyo, wauzaji wametuletea vya kujazia. Nyonga ya namna hii haihitaji kujazwa mafuta. Gegedu limechakaa, mfupa ulio chini yake umekuwa mgumu na kuota vibanzi pembeni, na misuli imelegea. Huko Uholanzi, wagonjwa 222 wa nyonga walifuatiliwa kwa miaka miwili, nusu wakimeza glukosamini na nusu vidonge vitupu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 hayakuonyesha tofauti. Fedha ya makopo hayo ingenunua mkongojo mzuri na nauli ya kwenda mazoezini.

Mwisho, mzee aliyeanguka, hata kwa kuteleza bafuni tu, ambaye hawezi kusimama na mguu wake umekuwa mfupi na unyayo umelala nje, amevunjika shingo ya paja. Asikandwe, asivutwe, asiachwe kitandani kwa kuwa ni mzee. Kulala kwa wiki nyingi kunaleta vidonda, nimonia na damu kuganda, na hivyo ndivyo vinavyoua. Apelekwe afanyiwe upasuaji ili aketi na asimame mapema.

Tiba hujengwa juu ya chanzo

Mkishajua chanzo, tiba inakuwa na mantiki. Zipo tiba zinazowahusu wengi, na naanza na zile zisizohitaji kisu.

Ya kwanza ni mazoezi yenye mpango. Huko Australia, watu 204 wenye maumivu ya pembeni ya nyonga yaliyotokana na kano waligawanywa makundi matatu: wa kwanza walipewa elimu na mazoezi kwa wiki nane, wa pili sindano moja ya steroidi, wa tatu ushauri mfupi na kusubiri. Baada ya wiki nane, waliosema wamepata nafuu kubwa walikuwa asilimia 77 katika kundi la mazoezi, 58 katika kundi la sindano, na 29 waliosubiri. Baada ya mwaka mmoja, mazoezi yalikuwa bado yanaongoza kwa 78, na sindano ilikuwa imebaki 57. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Sehemu kubwa ya elimu waliyopewa ni ya kuzuia kano zisibanwe, nasi tunaweza kuifuata nyumbani: usisimame kwa kuegemea nyonga moja, usimbebe mtoto ubavuni kwa muda mrefu, usikae umepishanisha miguu, na ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti.

Mazoezi yenyewe si ya kuruka wala ya kukimbia. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage godoro, kisha inua matako polepole, hesabu hadi tano, shusha. Keti kwenye kiti imara, simama bila kushika kwa mikono, keti tena taratibu. Simama ukishika ukuta, upeleke mguu pembeni bila kuupinda mwili. Anza na mara nane za kila moja, ongeza kadiri wiki zinavyopita. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanakubalika. Yakiwa yamezidi kesho yake asubuhi, punguza. Msikate tamaa wiki ya pili. Misuli na kano huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha mabadiliko. Ila mtu ambaye chanzo chake hakijajulikana, au kichwa cha paja kinakufa, asianze bila kuelekezwa na mtaalamu.

Ya pili ni mkongojo, na wengi tunaushika vibaya. Ushike kwa mkono ulio upande wa pili wa nyonga inayouma. Nyonga ya kulia ikiuma, mkongojo uwe mkono wa kushoto, na uende mbele pamoja na mguu wa kulia. Hapo mkono unaisaidia ile misuli ya pembeni kuzuia mwili usiangukie upande wa pili, misuli inavuta kidogo, na mzigo kwenye kiungo unapungua sana. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono ukisimama mikono imening'inia. Wapo wanaoona mkongojo ni aibu au ni uzee. Kijana mwenye selimundu anayetumia mikongojo kwa miezi ili kichwa cha paja kisipondwe anafanya jambo la akili.

Ya tatu ni uzito. Kwa hesabu ile ya Berlin, kilo tano zikipungua mwilini, nyonga inapunguziwa zaidi ya kilo kumi katika kila hatua.

Kisha dawa. Parasetamoli ni salama ikitumiwa kwa kipimo, ingawa nguvu yake kwa nyonga iliyolika ni ndogo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu zaidi, lakini zikimezwa mfululizo huchoma tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Mwenye selimundu, mwenye kisukari, mwenye presha na mzee wasizitumie kwa muda mrefu bila kupimwa figo. Dawa hizi zina kazi nzuri: zinampa mtu nafuu ya kuweza kufanya mazoezi na kulala. Zikigeuka kuwa tiba yenyewe, zinaficha ugonjwa unaoendelea chini.

Kukandwa kwa maji ya moto kunalegeza misuli iliyokaza, sina ubishi nako. Kuvutwa mguu kwa nguvu na kuchanjwa juu ya nyonga yenye usaha, kifua kikuu au mfupa uliovunjika kumewaletea watu vilema vya maisha.

Kiungo kikishaharibika kabisa, kuna nyonga bandia, na inafaa tujue ilivyopatikana. John Charnley, daktari wa Kiingereza, alifanya kazi katika hospitali ya Wrightington, kaskazini magharibi ya Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kutumia bakuli la plastiki ya Teflon. Wagonjwa walitembea, wakafurahi, kisha baada ya miaka michache bakuli likalika na unga wake ukaleta uvimbe unaokula mfupa. Charnley alijichoma unga huo kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unaupokeaje, na mwili ukaukataa. Ilibidi wengi wapasuliwe upya. Mwaka 1962 fundi wake Harry Craven aliijaribu kwenye mashine plastiki nyingine ngumu, aina ya polithini nzito, hata baada ya Charnley kuidharau. Haikulika kama ile ya kwanza. Novemba mwaka huohuo Charnley akaanza kuitumia, pamoja na kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22 na saruji maalumu ya kuvishikiza kwenye mfupa. Nyonga bandia nyingi za leo zinafuata msingi huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kwa kukusanya kumbukumbu za nchi mbalimbali ulikadiria kwamba takriban nyonga 58 katika kila 100 hudumu miaka 25.

Upasuaji huu unafanyika kwetu: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, KCMC mjini Moshi, hospitali ya Kikuyu nchini Kenya, na kwingineko. Ufanywe kwa nani? Kwa mtu ambaye kiungo kimeharibika kwenye picha, maumivu yanamnyima usingizi na kazi, na tiba nyingine zimejaribiwa kwa dhati. Miezi ya kwanza baada yake, atumie kiti na choo cha kukalia, asichuchumae, asipishanishe miguu. Na Mwislamu aswali kwenye kiti, ruhusa ambayo dini imempa mgonjwa. Familia iandae nyumba kabla ya siku ya upasuaji.

Tunachodaiwa

Ndugu zangu, nahitimisha kwa madai, kwa sababu ujuzi bila utaratibu haumfikishi mtu popote.

Kwa kila mmoja wenu: maumivu ya nyonga yakifika wiki sita bila kupungua, yatafutieni chanzo. Yakiambatana na homa, kukonda, kuamshwa usiku, kushindwa kukanyaga, au yakimpata mtoto au mwenye selimundu, msisubiri wiki sita. Mkiingia kwa daktari, semeni maumivu yako wapi kwa kidole kimoja, yalianza lini, mnashindwa kufanya nini, na dawa zote mlizomeza, hata zile mlizopewa bila karatasi. Mkitoka, ulizeni: ugonjwa wangu unaitwaje? Jibu likikosekana, ombeni rufaa. Ni haki yenu.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: laza mgonjwa, zungusha nyonga. Hakuna bajeti inayohitajika kwa hilo.

Kwa wenye mamlaka: Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Thamani yake kwa mgonjwa wa nyonga itapimwa kwa mambo matatu: watoto wachanga kupimwa selimundu na kufuatiliwa, mtaalamu wa mazoezi tiba kupatikana katika hospitali ya wilaya, na kijana ambaye nyonga yake imekwisha kupata nyonga bandia bila familia kuuza shamba. Kijana huyo ana miaka arobaini ya kazi mbele yake. Kumwacha akichechemea kwa kukosa uchunguzi wa dakika moja na picha moja ya wakati unaofaa ni hasara ambayo taifa zima linailipa, na ni hasara tunayoweza kuizuia kuanzia kliniki ya kesho asubuhi.